Mama Mkwe Yuko Upande wa Upakiaji

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujanisoma, hujapoteza mengi. Mimi ni yule Mutahi aliyefukuzwa kwenye kiwanda cha majani chai kule Kangari. Niliweka sanduku la maoni ili wafanyakazi watoe yaliyo moyoni, na maoni ya kwanza kutoka humo yakasema mimi niondoke. Wakubwa wakasema wanaheshimu sauti ya wafanyakazi.

Nikarudi Nyeri kichwa chini. Lakini Mungu si Athumani. Bwana Theuri, mwenye kiwanda cha maziwa, akaniajiri kuwa meneja wa watu. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba wafanyakazi wanapendana na wanamsikiza mkubwa wao.

Kisha nikampenda Watiri, mwalimu wa chekechea kule Giakanja. Nilikuwa nimeshamaliza maneno matamu yote niliyokuwa nayo ndipo akanitajia mama yake. Mama yake ni Mama Monicah. Na Mama Monicah ni msimamizi wa upakiaji katika kiwanda kile kile, chini yangu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, ndugu msomaji, mimi nimeshika kichwa.

Sasa wewe unayenisoma ukiwa Mombasa au Kisumu utauliza shida iko wapi. Shida ni kwamba kwa watu wa kina Watiri, mama mkwe hazoewi. Humwiti kwa jina. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja wenu lazima apate sababu ya kupita upande ule mwingine. Vijana wengi siku hizi wanayacheka mambo haya, lakini mjomba wa Watiri, Mzee Mwai, hayacheki hata kidogo. Na yeye ndiye angeamua kama Jumamosi wazee wangu wataruhusiwa kupanda tawi pale kwao, ishara kwamba binti wa boma hilo ameshapata mchumba.

Kwa hivyo nikawa na adabu. Niliacha kukanyaga upakiaji kabisa. Nilipokuwa na neno la kumwambia Mama Monicah, nilimtuma Nderitu, mkuu wa madereva, rafiki yangu. Mama Monicah naye akijibu, alijibu kupitia Nderitu. Nilijiona kijana mwenye heshima kuliko wote kuanzia Giakanja mpaka Nanyuki.

Ukiacha wazee wa pande mbili, jambo lilibaki siri ya watu wanne: mimi, Watiri, mama yake na Nderitu. Ilibidi. Kiwandani kuna kanuni kwamba jamaa wawili hawawezi kufanya kazi mmoja akiwa chini ya mwingine. Ikijulikana, mmoja anaondoka. Ni kanuni nzuri sana, inazuia upendeleo. Niliitunga mwenyewe.

Haya, tuendelee.

Jumatatu baada ya maombi ya asubuhi, Bwana Theuri alipanda juu ya kreti ya maziwa akatuhutubia. Alikuwa ametoka Nanyuki, kwenye semina ya viongozi katika hoteli ambayo watu hulipa pesa nyingi ili wafundishwe unyenyekevu.

"Kuanzia leo hakuna bosi hapa," akasema. "Mimi ni Ben. Niiteni Ben."

"Sawa, bosi," tukajibu sote.

"Nimesema Ben!"

"Sawa, bosi Ben."

Akavuta pumzi ndefu. Nadhani hilo pia lilifundishwa Nanyuki.

"Hapa sisi ni familia," akaendelea. "Na familia inaongea. Sasa nauliza hivi. Ni nani hapa hajawahi kuongea na Mutahi tangu akuwe meneja ya watu? Inua mkono, usiogope."

Nikatabasamu. Mimi huongea na kila mtu, hata na paka wa kantini.

Upakiaji wote wakainua mikono. Mikono yenyewe ilikuwa na glavu zilizochanika, vidole vinachungulia. Mama Monicah peke yake hakuinua. Alikuwa akiangalia sakafu.

"Mutahi," Bwana Theuri akasema, "wewe ni meneja ya watu. Hawa ni mbuzi?"

"Hapana, bosi. Ben."

"Basi Alhamisi saa ya lunch, wewe na Monicah mtakaa meza moja. Mtakula pamoja. Yeye atakwambia makosa yako uso kwa uso, na wewe umwambie yake. Mimi nitakuwa hapo nikiangalia hiyo upendo."

Nyuma yangu nikamsikia Nderitu akikohoa kama mtu aliyepaliwa na chai.

Nilimfuata Bwana Theuri ofisini mbio. Mlango sikuuona. Alikuwa ameamuru ung'olewe, kwa sababu kiongozi wa kisasa mlango wake haufungwi.

"Ben, yule mama anatosha kunizaa," nikamwambia. "Sisi huku hatukai hivyo na mama wa watu, tukitajiana makosa juu ya chakula."

"Ndio maana nimechagua yeye. Hiyo uoga ndio inaua kampuni. Unajua kule Nanyuki nilikumbatia mkubwa wa benki?"

"Akafanya nini?"

"Alisimama tu. Mimi ndio nililia."

Nikampigia Watiri. Nikamwambia amshawishi mama yake ajifanye mgonjwa siku ya Alhamisi.

"Mama hajawahi kuwa mgonjwa," akasema. "Jifanye wewe."

"Mimi ndiye huwadai wagonjwa barua ya daktari, Watiri."

"Basi kaeni. Lakini ukimkosea mama heshima mbele ya watu, mjomba Mwai atasikia kabla githeri haijapoa. Na ukimkosea, usisumbue wazee wako na safari ya Jumamosi."

Alhamisi ikafika. Kantini ilijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Githeri ya mahindi na maharagwe ilipakuliwa. Nilikuwa nimempanga Nderitu akae katikati yetu na sahani yake, kama mtu aliyekosa nafasi kwingine.

"Nderitu," nikasema nikiangalia dirisha, "mwambie mama naomba aniambie makosa yangu."

Nderitu akageuka upande wa pili. "Mama, anaomba umwambie makosa yake."

"Mwambie sina neno," akasema Mama Monicah, uso ameuelekeza jikoni.

"Anasema hana neno."

"Ati nini?" Bwana Theuri akaruka. "Nderitu, wewe ni simu? Toka hapo!"

Nderitu akaondoka na sahani yake. Tukabaki wawili. Katikati yetu palikuwa na kikopo cha chumvi, kile cha plastiki chenye matundu juu. Mimi sikugusa kijiko, naye hakugusa chake. Alikuwa amevuta kitambaa cha kichwa kikamfunika paji la uso. Nilisikia watu wakiacha kutafuna.

Kisha mkono wake ukatoka polepole, ukavuta kile kikopo, ukakiweka mbele yake.

"Wewe chumvi," akasema. "Kwa vile imesemekana lazima tuongee, mimi nitaongea na wewe."

Hakuna aliyecheka.

"Chumvi, tangu uwekwe meneja hujawahi kanyaga upakiaji. Glavu zetu zilipasuka, ukatuma Nderitu aseme utaangalia. Hatujaona ukiangalia. Wangui alifinywa kidole na mashine ya kufunga pakiti, ukatuma pole na Nderitu. Kwani pole ni kreti, ibebwe na dereva? Wasichana wangu wanasema unatudharau. Mimi najua hutudharau. Najua kitu inakufanya ukimbie. Lakini siwezi kuwaambia, na wewe siwezi kukuuliza. Kwa hivyo wao wananiona mimi ndio msimamizi mjinga, hana mdomo ya kuwatetea."

Akakisukuma kikopo kidogo, kikasimama katikati ya meza.

Niliona aibu, ndugu msomaji. Miezi yote hiyo nilijipongeza kwa adabu yangu, na gharama yake ikalipwa na wasichana wenye glavu zilizochanika. Mimi heshima ilinizuia kwenda kwao. Yeye heshima ilimzuia kunilalamikia. Na ile mashine haikuwa na habari ya heshima ya mtu yeyote, ilifinya tu.

Nikavuta kikopo upande wangu.

"Chumvi," nikasema. "Nimekosa. Glavu zitakuja kesho. Na kwa Wangui nitaenda mimi mwenyewe kumwomba msamaha."

Mama Monicah akatikisa kichwa kukubali. Alikitikisia kikopo.

Nilitazamia Bwana Theuri angekasirika. Badala yake alisimama macho yamemlowa.

"Mmeona hiyo?" akapiga kelele. "Mmeona vile wameongea bila kuogopana? Hata Nanyuki hatukufunzwa hii! Hii ndio uongozi!"

Ijumaa asubuhi kila idara ilikuta kikopo cha chumvi mezani, kwa amri ya Ben. Duka la jirani liliishiwa. Kila mwenye neno alitakiwa kuliambia chumvi, na kila mkubwa alitakiwa kusikiliza akiwa ametabasamu.

Watu wa Nyeri hawakuhitaji kubembelezwa. Madereva waliiambia chumvi kwamba breki za lori kubwa hazishiki vizuri. Wachemshaji waliiambia kwamba chai ya saa nne haina maziwa, na hapa ni kiwanda cha maziwa. Mlinzi wa langoni aliiambia kwamba huyu Ben hupita kila siku na hajawahi kumsalimia.

Bwana Theuri alizunguka idara zote akisikiliza kwa upendo mkubwa. Alisema hajawahi kuona utamaduni mzuri wa kazi namna hiyo. Breki hakuzitaja tena, na chai ya saa nne ilikuja ikiwa nyepesi kama kawaida.

Mimi nilibeba katoni ya glavu mwenyewe mpaka upakiaji. Mama Monicah aliponiona nikija akakumbuka ghafla kitu stoo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikashukuru. Nikamwendea Wangui, nikamwomba msamaha, akanionyesha kidole chake kilichofungwa bandeji nyeupe. Wasichana wakavaa glavu mpya wakipigapiga makofi kuzijaribu. Nilitoka pale kifua mbele. Nikasema moyoni, Mutahi, umevuka.

Jioni tukakusanyika uani kufunga wiki. Wangui akaomba nafasi. Ni msichana mwenye moyo safi, na huo ndio ulioniangamiza.

"Chumvi," akasema, amekishika kikopo kwa mikono miwili kama kipaza sauti. "Mimi nilikuwa nakasirikia Mutahi bure. Nilikuwa nasema leo asubuhi ana madharau, Nderitu akanigombeza, akaniambia ukweli. Kumbe alikuwa anaheshimu mama mkwe! Kesho anapeleka wazee kwao Mama Monicah, ataoa Watiri. Chumvi, mwambie tumemsamehe, na sisi upakiaji tunataka kualikwa."

Vigelegele vikapaa mpaka barabarani. Nderitu aliangalia viatu vyake. Alikuwa amenitetea, ningemlaumu vipi?

Bwana Theuri hakupiga makofi. Aliniita kwa kidole.

"Mutahi, kuna kanuni," akasema tulipofika ofisini.

"Iko, Ben."

"Nani aliandika?"

"Ni mimi."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kule chini kuna baridi kiasi gani.

"Mmoja wenu lazima aende," akasema. "Na kila mtu amesikia, siwezi kujifanya sijui. Nikikuachia wewe, kesho madereva wataleta ndugu zao wote."

"Nipe mpaka Jumatatu nifikirie."

 Kisha uso wake ukalainika, akanishika bega.

"No. Usijisumbue. Kesho ni siku yako. Kiongozi wa kweli hubeba mzigo ya watu wake. Hii maneno niachie mimi."

Ningeweza kusema kanuni ibadilishwe, kwani mkono ulioiandika ulikuwa wangu. Ningeweza kusema mimi ndiye nitakayeondoka. Angalau ningemuuliza, Ben, utafanya nini? Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, na hapa palikuwa na mtu anayetaka kunitua mzigo.

"Asante, Ben," nikasema. "Asante sana."

"Nitakuja Giakanja," akasema. "Familia haiachi familia."

Pale palipokuwa mlango nikageuka, nikamshukuru tena.

Jumamosi tulifika kwa kina Watiri na mbuzi wetu, na tawi letu bichi. Lango lilikuwa limefungwa kama desturi, kina mama wamejipanga ndani wakiimba kwamba hawatujui. Wasichana wa upakiaji walikuwa wamejialika wote, nao wako upande wa bibi harusi. Wangui aliimba kuliko wote, na mkononi alikuwa amevaa glavu mpya.

Walipotufungulia, tukaketishwa. Baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alieleza kwa mafumbo kwamba tumeona mche mzuri katika shamba hili na tungependa kuweka alama, mwingine asije akaung'oa.

Mzee Mwai akasimama na bakora yake. Nikashusha macho.

"Mimi nimesikia habari ya hii kijana," akasema. "Nimesikia aliwekwa meza moja na dada yangu kwa nguvu. Nimesikia alikataa kula mbele yake, na badala ya kumkosea heshima, akaongea na chumvi. Huyo ni mtoto alifunzwa kwao. Tawi ipandwe!"

Vigelegele! Baba mdogo akalibeba tawi, vijana wakaanza kuchimba shimo karibu na lango. Watiri alikuwa mlangoni kwa gauni la kijani, akanitazama, akacheka kwa furaha. Sijui kama nitawahi tena kuangaliwa vile.

Hapo gari la Bwana Theuri likaingia. Akashuka kwa suti mpya, akaomba nafasi.

"Mimi ni Ben," akawaambia wazee.

"Karibu, bosi," wazee wakamjibu.

"Wazee, sikukuja mikono mitupu. Nimeleta zawadi." Akatutazama sote kwa upendo ule wa Nanyuki. "Kazini tulikuwa na shida kidogo ya kanuni. Mutahi na Mama Monicah sasa ni jamaa, hawawezi kukaa pamoja. Mmoja lazima aende. Nikafikiria, hawa watoto ndio wanaanza maisha, huyu kijana atalisha boma na nini? Kwa hivyo Mutahi abaki. Mama Monicah kuanzia Jumatatu apumzike nyumbani. Amefanya kazi, amechoka."

Akangoja makofi. Hayakuja. Nadhani aliona watu wamezidiwa na furaha, kwa maana aliendelea.

"Na msishukuru mimi pekee yangu. Hiyo kanuni Mutahi ndio alitunga. Na jana hii maneno yote aliniachia mimi, akanishukuru sana."

Wimbo wa langoni ulikufa katikati. Niliona Wangui akivua glavu, kidole kwa kidole, akiepuka ile bandeji. Mzee Mwai aliinua mkono, na vijana wakaacha kuchimba. Baba mdogo alibaki ameshika tawi juu ya shimo, hajui alitue wapi.

Mama Monicah akatoka jikoni. Alikuwa na kikopo cha chumvi mkononi, kwa kuwa chakula kilikuwa kinataka kuandaliwa. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nikajiambia ataongea na chumvi, nami nitaijibu chumvi, tutaelewana kama juzi.

Alikitumbukiza kikopo mfukoni mwa aproni.

Akaukata uwanja, akawapita wazee, akaja mpaka mahali ambapo mama mkwe hasimami. Akakirudisha nyuma kitambaa cha kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake vizuri, na yalikuwa macho ya Watiri kabisa.

"Mutahi," akaniita. Jina langu, mbele ya wazee wote.

Nikainuka kitini.

"Ni kweli ulimshukuru?"

Nyuma yake, Watiri alikuwa ameshuka ngazi za mlangoni, akasimama. Yeye pia alikuwa anangoja jibu.